UDONGO HUKUMBUKA MAJI

Jioni hii nimepewa dakika chache nizungumze nanyi juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu hukikanyaga bila kukitazama, nacho ni udongo wa mfinyanzi. Nitaanza kwetu Segerea, pembeni mwa Dar es Salaam, kisha nitakwenda mbali sana, hata kwenye sayari ya Mirihi. Lakini nitarudi Segerea, maana huko ndiko liliko jambo lililonifanya niutafute ukweli wa udongo huu.

Jirani yangu mmoja, mama mjane, alijenga nyumba ya vyumba vitatu mahali ambapo mtelemko wetu unakaribia bonde. Fedha zake zilikuwa za miaka 11 ya kukaanga samaki na kuuza. Haukutimia mwaka, ukuta wa mashariki ukapasuka kutoka pembe ya dirisha hata chini. Akaziba kwa saruji. Kiangazi kilipofika ufa ukafunguka tena, na safari hii ukapokea kidole changu. Masika yalipokuja ufa ukajifumba, lakini mlango wa mbele ukakataa kufungwa. Watu wengine wakamsingizia fundi kwamba ameiba saruji. Wengine wakanong'ona kwamba kiwanja kina wenyewe.

Siku moja akanijia, akasema, "Mwalimu, wewe umesoma. Niambie kweli, nimeibiwa au nimerogwa?"

Nikamjibu, "Mama, nipe siku chache. Kwanza nataka kuuuliza udongo."

Nikachimba shimo kando ya msingi, nikatoa donge jeusi. Nilikuwa pia na donge jeupe la kaolini, kutoka vilima vya Pugu, ambalo huwaonyesha wanafunzi wangu darasani. Nikayakausha yote mawili, nikayasaga, nikatia kipimo sawa katika bilauri mbili, kisha nikamimina maji polepole. Kulipokucha, unga mweupe ulikuwa umelowa tu, umekaa karibu pale pale. Ule mweusi ulikuwa umepanda juu ya alama niliyoitia kwa wino. Mama yule akatazama kimya kwa muda, kisha akauliza, "Huu ndio unaoinua ukuta wangu?" Nikasema, "Ndio huu, mama. Na kiangazi ndio unaouangusha."

Labda mtauliza, inakuwaje udongo mmoja uvimbe na mwingine usivimbe? Sababu yake imo katika umbo la chembe zake. Chembe hizo ni ndogo mno: ukigawa milimeta moja mafungu 500, chembe moja haifiki fungu moja. Tena kila chembe imejengwa kwa tabaka nyembamba zilizolaliana kama kurasa za kitabu. Katika kaolini kurasa zimeshikana sana, na maji hayapati njia ya kuingia kati yao. Katika aina nyingine, ambayo wataalamu huiita smektaiti, kurasa zimeshikana kwa ulegevu. Maji huingia kati yao na kuzitenga, na donge zima huvimba. Jua likiyatoa maji, kurasa hulala tena, na ardhi hupasuka.

Lakini aina hizi mbili zimetoka wapi? Hapo ndipo yalipo maajabu, wasikilizaji wangu, kwa kuwa jibu ni maji yale yale. Mahali ambapo mvua hupenya mwambani na kwenda zake, muda mrefu sana, maji huchukua chumvichumvi zote na kuacha kaolini. Mahali ambapo maji hutuama, chumvi zilizooshwa kutoka juu hukusanyika, na hapo smektaiti huzaliwa. Katikati ya miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani huko Usambara, alitambua kwamba katika mitelemko ya Afrika ya Mashariki udongo hufuatana kwa taratibu: mara nyingi mwekundu juu, mweusi bondeni, kama pete za mnyororo mmoja. Akaupa mfuatano huo jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na jina hilo linatumiwa na wataalamu wa udongo duniani hata leo.

Basi udongo hukumbuka maji. Hukumbuka kama yalipita au yalikaa, na kama yalikuwa matamu au machungu. Na anayejua kuusoma aweza kuyajua maji yaliyokauka kabla mtu wa leo hajazaliwa.

Tuchukue mfano wa Olduvai, katika nchi yetu hii. Baada ya Mary Leakey kuliona fuvu la Zinjanthropus mwezi wa Julai 1959, Mmarekani Richard Hay, mtaalamu wa miamba, alitumia miaka mingi kuzichunguza tabaka za korongo lile, na mwaka 1976 kitabu chake kikatolewa. Kwa ushahidi wa udongo na miamba mingine alionyesha kwamba hapo palikuwa na ziwa lisilo na mlango wa kutokea, lenye maji ya chumvi na magadi, na pembezoni mwake palikuwa na mahali palipopata maji matamu ya vijito. Wataalamu waliomfuata wamepima magnesiamu katika udongo ule: ziwa lilipopungua na maji yake kuwa makali, magnesiamu iliongezeka, mvua ziliporudi, ikapungua. Habari hizo ni za miaka karibu milioni 1.8 iliyopita. Ziwa halipo tena, lakini shahidi wake bado yupo.

Sasa na tuinue macho. Mirihi ni sayari kame, yenye baridi kali, na usoni pake hapana mto wala ziwa hata moja. Hata hivyo, mwaka 2005 wataalamu wa chombo cha Ulaya, Mars Express, kinachoizunguka sayari hiyo, walitangaza kwamba wameona dalili za madini ya mfinyanzi katika miamba yake ya kale. Mwezi wa Agosti 2012 gari la Marekani lisilo na dereva, liitwalo Curiosity, likatua katika bonde la Gale. Mwezi wa Februari 2013 gari hilo lilitoboa mwamba wa tope la kale, likaupima unga wake kwa mionzi ya eksirei, ambayo huonyesha nafasi iliyopo kati ya kurasa za madini. Karibu sehemu moja katika tano ya unga ule ilikuwa smektaiti. Yaani palikuwa na ziwa, tena maji yake hayakuwa na chumvi nyingi wala ukali wa siki. Lakini na tusipite mpaka: udongo umeshuhudia maji, haujashuhudia uhai. Watu bado wanautafuta.

Sasa nirudi Segerea, kwa mama aliyeniuliza kama amerogwa. Jambo lililompata si la kwake peke yake. Mwaka 2008 Charles Lucian alitoa tasnifu yake ya udaktari, katika chuo cha KTH huko Stockholm, juu ya majengo yaliyojengwa juu ya udongo unaovimba katika Kibaha, jirani zetu wa magharibi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza: ukiziba ufa bila kuujua udongo, utauziba kila mwaka.

Kwa hiyo, wewe unayeweka akiba ya kujenga, kabla hujanunua tofali la kwanza, chimba shimo. Kitazame kiwanja wakati wa kiangazi, uone kama ardhi inapasuka. Fanya jaribio la bilauri. Ukiona udongo unavimba, mtafute mhandisi akuambie msingi ushuke kadiri gani, maana msingi mfupi huchezeshwa na majira. Maji ya bati yapelekwe mbali na ukuta, na miti mikubwa isipandwe karibu nao.

Mama yule ametia mifereji ya bati, akazungusha nyumba kwa sakafu ya saruji. Ukuta mmoja ilibidi uvunjwe na kujengwa upya, na gharama hiyo ilimrudisha jikoni kwa samaki wake miezi mingi. Ufa wa dirishani bado upo, ila sasa hauingizi hata ukucha. Na jioni moja nilimwona akienda kwa fundi wake, aliyekuwa hasemi naye kwa miaka miwili. Alimwambia, "Baba, nisamehe. Hukuniibia." Fundi akajibu, "Nami nisamehe, mama. Nilichimba msingi bila kutazama ninachochimba."