MOTOKAA ILIYOKATAA KUWAKA

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama, Kariakoo, Dar es Salaam)



 Bwana Katibu aliponiuliza nitasema habari gani, nilimjibu kwamba nitasema habari za motokaa mbovu. Alicheka, akadhani nafanya mzaha. Sikufanya mzaha. Wengi wenu mwaijua Land Rover yangu kuukuu, maana imewabeba wagonjwa wenu na maiti zenu, na mwajua pia kwamba ilisimama majuma matatu mbele ya nyumba yangu kama kichuguu. Walakini kisa chake hamkijui chote, na ile sehemu msiyoijua ndiyo inipasayo kuisema.

Motokaa hii ni ya namna iitwayo Series III, ambayo ilitengenezwa tangu mwaka 1971 hata mwaka 1985. Injini yake ni ya petroli, ina silinda nne, na ukubwa wake ni lita mbili na robo. Haina kompyuta wala mitambo ya siri kama motokaa za siku hizi. Ukifungua boneti, kila kitu waweza kukiona kwa macho na kukigusa kwa mkono. Hiyo ndiyo sababu mimi, karani mstaafu niliyeshika kalamu miaka thelathini na zaidi, nilijidanganya kwamba naweza kuitengeneza mwenyewe.

Mwezi mmoja kabla ya mkasa huu, kijana mmoja fundi wa Gerezani alinibadilishia pampu ya maji. Alifanya kazi yake, nikamlipa, motokaa ikaenda vizuri. Baadaye ikawa nzito kuwaka asubuhi. Basi Jumamosi moja nilinunua plagi nne na pointi mpya, nikavaa nguo za kazi, nikafungua boneti. Nilichomoa waya zote nne za plagi kwa pamoja. Nikatoa pointi za zamani na vijisehemu vyake, nikavitupa katika kikombe kibovu. Nikatia zile mpya, nikarudisha waya kama nilivyoona inafaa, nikapiga stata. Injini ikazunguka, haikuwaka. Nikapiga tena na tena hata betri ikafa.

Jirani mmoja akaja, akasema kosa liko katika kabureta, akageuza skrubu zake. Wa pili akasema distributa imekaa vibaya, akailegeza na kuizungusha. Wa tatu akaleta betri yake, akavuta choki mpaka mwisho, tukapiga stata hata petroli ikanuka mtaa mzima. Katika watu wanne sisi, hapana hata mmoja aliyeandika alichogeuza, wala alikigeuza kiasi gani.

Ndipo mtu mmoja akasema, "Mzee, yule kijana wa pampu amekutoa vitu vya asili, akakutilia vya bandia. Ndivyo walivyo hao." Neno hilo lilinipendeza, maana liliniondolea aibu. Nikalipokea bila ushahidi. Nikalisema barazani, nikalisema dukani, na mwisho nikalisema mbele ya Kamati yetu. Wanachama wawili waliokuwa wakimpelekea kijana yule motokaa zao wakaacha kumpelekea. Nanyi wanakamati mliponiuliza kama jina lake lifutwe katika orodha ya mafundi wa Chama, nilisema lifutwe. Likafutwa. Juma lile lile mama wa mwenzetu alishikwa na ugonjwa usiku, ikabidi litafutwe gari la kukodi kumpeleka Muhimbili, nami nilisimama mlangoni nikiitazama motokaa yangu, na moyoni nikimlaani kijana yule.

Siku ya ishirini alikuja mwenyewe. Alisema, "Shikamoo, mzee." Nikaitikia marahaba kwa shingo upande. Akasema, "Nimesikia yasemwayo. Sikuja kugombana. Naomba ruhusa niitazame, na malipo sitaki." Nikamruhusu, nikitumaini kumkamata.

Hakushika spana. Aliniuliza kwanza, "Mzee, mara ya mwisho iliwaka lini?" Nikamjibu, "Ijumaa." Akauliza, "Na baada ya Ijumaa, nani aliigusa?" Hapo nilinyamaza kidogo. Akaomba karatasi na kalamu, akasema, "Niandikie, mzee, kila kilichoguswa tangu Jumamosi, na kila mtu aliyegusa." Bwana Mwenyekiti, kazi ya kuandika nimeifanya maisha yangu yote, walakini sikumbuki kuandika karatasi nzito kama ile. Zilikuwa shughuli saba. Katika saba hizo, pampu ya maji haikuwamo.

Sasa naomba mnivumilie nieleze kazi ya umeme katika injini, maana bila hiyo hamtauelewa ustadi wake. Umeme wa betri, ambao nguvu yake ni volti 12 tu, hupita katika koili, kisha katika pointi, yaani midomo miwili midogo ya chuma iliyomo ndani ya distributa. Injini inapozunguka, midomo hiyo hufumbuka na umeme hukatwa ghafula. Unapokatwa, ndipo koili inapotoa umeme mwingine wenye nguvu ya maelfu mengi ya volti, nao hupelekwa na rota kwenye plagi ya silinda ambayo zamu yake imefika. Zamu za silinda katika injini hii si 1, 2, 3, 4, bali ni 1, 3, 4, 2.

Kijana alitia betri iliyojaa, akatoa plagi moja, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, akaniomba nipige stata. Hapakuwa na cheche. Akachukua balbu ndogo yenye waya mbili, akaunga waya mmoja kwenye koili, upande uendao distributa, na wa pili kwenye chuma. Injini ilipozungushwa balbu ilipasa kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika. Haikuwaka kabisa. Akachomoa waya uingiao distributa. Balbu ikawaka mara moja. Akasema, "Koili ni nzima, mzee. Umeme wafika hapa, lakini ndani ya distributa wapotelea kwenye chuma moja kwa moja, haukatwi." Akafungua kifuniko, akatazama pointi nilizofunga mimi, akauliza, "Vitu vya zamani viko wapi?" Nikamletea kikombe. Akakimwaga kiganjani, akatoa kipete kidogo cha plastiki, chembamba kuliko ukucha. Kazi ya kipete hicho ni kuuzuia umeme usiguse chuma mahali pointi zinapofungwa. Nilikuwa nimekisahau. Akakirudisha mahali pake, akapima nafasi ya midomo, karibu milimita 0.4, na cheche ikaonekana, ya buluu na yenye mlio.

Nilidhani mambo yamekwisha. Tukapiga stata. Injini ikatoa kishindo katika kabureta, kisha kishindo katika ekzosi, haikuwaka. Majirani waliokusanyika wakapiga kelele, "Umeiharibu zaidi!" Nami nilitaka kusema vivyo hivyo. Kijana akajibu kwa upole, "Jana ilikuwa kimya, leo inapiga kelele. Moto sasa upo, lakini unafika pasipo zamu." Sikilizeni sana neno hilo. Injini ilikuwa na makosa mawili, moja limefichwa nyuma ya jingine. Ukiondoa la kwanza na motokaa isiwake, hiyo si dalili kwamba ulikosea. Mimi ningalikuwa peke yangu, ningalikirudisha kipete kikombeni.

Akatoa plagi zote. Zilikuwa zimelowa petroli kwa choki yetu, akazikausha. Akaziba tundu la silinda ya kwanza kwa kidole gumba, injini ikazungushwa polepole, hata upepo ukamsukuma kidole. Alinieleza kwamba pistoni hufika juu mara mbili katika kila zamu, mara moja ikigandamiza hewa na petroli, na mara ya pili ikitoa moshi, na ni ile ya kwanza tu itakiwayo. Kisha akatazama rota imeelekea waya gani. Huo ndio waya wa silinda ya kwanza. Kutoka hapo akafuata upande rota inakozungukia, akahesabu: moja, tatu, nne, mbili. Waya zangu zilikuwa moja, mbili, tatu, nne, kama karani anavyopanga majalada rafuni. Ni silinda moja tu iliyopata moto kwa wakati wake. Tatu zilipata moto wa wenzao.

Akazipanga upya, akairudisha distributa mahali alama yake ya zamani ilipoonekana katika uchafu wa chuma, akarekebisha kabureta. Nikapiga stata. Ikawaka. Majirani walishangilia. Mimi sikushangilia, nilizima injini, nikakaa pale pale nyuma ya usukani kwa muda.

Mabwana na Mabibi, mtaa wetu huu umepata jina lake kwa Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao. Jina tunalitaja kila siku bila kufikiri. Nami katika mtaa huo huo nilimbebesha kijana mzigo wa kosa langu, akautembeza mtaani majuma matatu.

Kwa faida ya kila mwanachama mwenye motokaa ya zamani, nimeandika hapa mambo sita niliyojifunza, nayo naomba Bwana Katibu ayachape katika gazeti letu:

1. Motokaa iliyokuwa ikiwaka, ikaguswa, ikakataa kuwaka, itafutwe kosa kwanza pale palipoguswa mwisho. Usiende kununua injini wala koili kabla ya kutazama hapo.

2. Kabla ya kuchomoa waya wa plagi, utie alama. Chomoa mmoja, rudisha mmoja, kisha ushike mwingine. Andika zamu ya silinda ndani ya boneti.

3. Pima kwa taratibu: betri kwanza, kisha cheche, kisha zamu ya cheche, kisha petroli. Usiruke.

4. Geuza kitu kimoja tu, kisha jaribu. Ukigeuza viwili kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichoponya wala ni kipi kilichodhuru.

5. Usitupe kitu cha zamani mpaka kipya kimefanya kazi. Kiweke karibu ukilinganishe, hata kama ni kidogo kuliko ukucha.

6. Injini ikikataa, usiendelee kupiga stata na kuvuta choki. Waua betri na kulowesha plagi, na kosa la kwanza halijaondoka.

Sisi sote tuliofanya kazi masijala twajua kwamba jalada lisilo na maandishi ya nani alifanya nini, na siku gani, haliwezi kufuatwa na mtu. Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kazini nililishika neno hilo, nikiwa nyumbani nikaliacha. Zaidi ya hayo, ofisini nisingalithubutu kuandika jina la mtu chini ya kosa bila kulichunguza. Barazani nilithubutu, kwa kuwa maneno ya barazani hayatiwi sahihi.

Basi, Bwana Mwenyekiti, leo natia sahihi. Nasema mbele ya wote kwamba kijana yule hakutoa kitu cha asili wala hakutia cha bandia. Aliyeharibu ni mimi. Nimekwenda kwake Gerezani, nikamwomba radhi mbele ya mafundi wenziwe, alinishika mkono, akasema, "Yamekwisha, mzee wangu." Walakini kwetu hayajakwisha. Jina lake lilifutwa kwa neno langu, na jambo hilo limeandikwa katika kumbukumbu za Kamati. Naomba lirudishwe katika orodha, na kumbukumbu ziseme sababu, ili atakayesoma miaka ijayo asione kufutwa peke yake. Nao wanachama wawili walioacha kumpelekea kazi kwa sababu yangu, nawaomba warudi.

Motokaa yenyewe iko nje, imesimama chini ya taa. Mwenye mgonjwa aje agonge mlango wangu kama zamani, saa yo yote.