Mwenye Nyumba Aseme Anachokijua



Mwaka 1991 mahakama ya rufani ya jimbo la New York, Marekani, iliamua shauri la nyumba ya mji wa Nyack. Muuzaji alikuwa ameitangaza magazetini kuwa ina mizuka, ila mnunuzi, mgeni wa mji ule, hakuambiwa. Mahakama ilimruhusu kuvunja mkataba.

Mizuka iwepo isiwepo, sifa ya nyumba ipo, nayo hushusha thamani yake. Kwetu mpangaji hulipa kodi ya miezi sita kabla hajalala hata usiku mmoja. Akija kuyasikia kwa majirani, fedha imekwisha kuliwa. Wenye nyumba, semeni kabla ya kupokea. Wapangaji, ulizeni kabla ya kulipa.