Fuata maji mpaka chini
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Likasi, kabla ya mvua kuanza



Mvua iko karibu. Kila mwaka swali ni lile lile: nani atatoa uchafu katika mifereji? Kazi ile inanuka, na ukiimaliza hakuna anayekuambia aksanti.

Wazee wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu. Watu walisafisha kwa sababu waliamrishwa. Chefu akigeuka tu, jembe linawekwa chini. Kazi ilikuwa ya chefu, haikuwa yao.

Tena kazi hii ina ubaya mmoja: matunda yake hayaonekani. Fundi wa nyumba anaonyesha nyumba. Wewe uliyesafisha mufereji utaonyesha nini? Nani atakushukuru kwa ugonjwa ambao haukuja?

Lakini sisi tunajua namna unavyokuja. Mwanzo wa mwaka 2008 kolera ilipiga Lubumbashi na hapa Likasi. Kolera inatoka katika mavi ya mugonjwa, inaingia katika maji, na inaweza kumumaliza mutu mzima kwa saa chache. Na wengi wetu hatujasahau 1992 na 1993, maelfu ya familia zikilala kwenye stesheni yetu, zikingojea treni ya kwenda Kasai. Mahali kama pale, mutu anayechimba choo, yeye njo munganga wa kwanza.

Kwa hiyo nina shauri moja. Mbele ya kushika jembe, kila kikundi kifuate kwanza mufereji mpaka chini. Muone unaishia wapi. Muone kisima kilicho karibu, muulize nani anachota pale, musalimie watoto wake. Kikundi cha Kikula kilifanya hivyo msimu uliopita. Mama mmoja aliwaambia: «Mayi yenye munaachaka kule juu, njo tunakunywaka huku.» Tangu siku ile, hakuna aliyeuliza tena anainamia uchafu juu ya nini. Jibu alikuwa ameliona kwa macho.

Sasa neno kwa marafiki wanaotoa msaada, na kwa komite pia. Kumwambia mutu «kazi yako ina heshima», halafu kumwacha mikono mitupu ndani ya mavi, ni kumucheka. Heshima ni glavu, ni buti, ni sabuni ya kunawa, ni klori ya kutia katika bidoni za maji. Heshima ni kumutibisha akiugua. Vitu hivi havipendezi katika picha kama jengo jipya, lakini hivi njo tunaomba.

Na zamu iwe ya wote. Isiwe kila Jumamosi ni wajane na vijana wasio na kazi, sisi wengine tunasimama kivulini tukihesabu. Jumamosi hii komite nzima inaingia mufereji wa Kikula, saa kumi na mbili asubuhi, na mimi ndani yao. Mwenye jembe alete jembe. Asiye nalo alete ndoo.