Kuuliza Kuhusu Chanjo Si Uasi



Machi 2021 Kenya ilipokea dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca kupitia mpango wa COVAX. Tukawahimiza mjitokeze. Kisha India ikasitisha kuuza chanjo nje, na muda wa kungoja dozi ya pili ukasogezwa kutoka wiki 8 hadi 12. Wengi mlifika zahanati mkarudi bila kuchanjwa. Sisi wa mawasiliano tulichelewa kuwaeleza. Hapo lawama tunabeba sisi.

Novemba mkaambiwa asiyechanjwa atanyimwa huduma za serikali. Desemba Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Mwananchi haburutwi, huelezwa. Basi ulizeni. Mkishajibiwa, waleteni wazee wa nyumbani wachanjwe.