Kitovu Kilichotokeza: Lini Tusubiri, Lini Tukimbie

(Maneno yaliyotolewa mbele ya kamati za parokia na akina mama, Jozani, Unguja)



Leo tunazungumzia ngiri ya kitovu. Mtoto akiwa tumboni, kamba ya kitovu hupita katika tundu dogo kwenye misuli ya tumbo lake. Akishazaliwa, tundu hilo hujifunga. Likichelewa, utumbo au mafuta ya ndani husukuma ngozi, na kitovu hutokeza. Hali hii huwapata sana watoto wetu wa Kiafrika, na zaidi waliozaliwa kabla ya wakati. Haitokani na mkunga kukata kitovu vibaya wala husuda ya jirani. Tusimlaumu mtu.

Dalili zake ni uvimbe laini kitovuni, unaoongezeka mtoto anapolia, kukohoa au kujikamua, na kupungua anapotulia. Ukiubonyeza taratibu hurudi ndani, naye haumii. Huyo mwonyesheni mhudumu siku ya kliniki, kisha msubiri. Watoto wengi hupona bila dawa kabla ya kufika miaka 4 au 5. Uvimbe ukibaki baada ya umri huo, au ukiwa mkubwa sana, daktari ataamua kuhusu upasuaji.

Kufunga sarafu au kitambaa hakuzibi tundu. Huchubua ngozi na, baya zaidi, huficha dalili za hatari.

Dalili za hatari ni hizi: uvimbe kuwa mgumu na kukataa kurudi, kuuma ukiguswa, ngozi kubadilika rangi, mtoto kutapika, tumbo kujaa, au kilio kisichonyamazika. Hapo huenda utumbo umebanwa na kukosa damu. Ni nadra kutokea, lakini hakusubiri asubuhi. Msiusukume kwa nguvu. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Kutoka Jozani hadi Mnazi Mmoja ni takriban kilomita 35. Usiku, mama asiye na nauli atangoja daladala ya alfajiri. Kwa hiyo tunaiomba kila kamati iweke akiba ndogo ya usafiri wa dharura, pamoja na namba ya dereva anayekubali kuamshwa, kwa mtoto wa Mkristo na wa Mwislamu bila kubagua. Nanyi wafadhili, tunawaomba mchangie akiba hiyo.