Sauti ya Mama

Wiki hii naomba ruhusa yenu nizungumzie redio kaseti yangu, hapa Lusahunga. Si mzaha. Ndani ya redio hiyo yumo mama yangu.

Mwaka 1992, dada yangu alipoolewa, mama alimpa wosia, nasi tukamrekodi. Mama sasa ni marehemu, na kaseti ni hiyo moja tu. Kila nilipoiweka nilisikia mvumo kama wa lori lililoegeshwa bila kuzimwa, na malori tunayajua sisi tulio kando ya njia ya Rwanda na Burundi. Mama alikuwa nyuma ya mvumo.

Nikafanya wanavyofanya wengi. Nikanunua amplifaya kubwa na spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Nilipofungulia, mvumo ukatikisa mabati, na mama akabaki kule kule nyuma.

Fundi kijana wa hapa hapa ndiye aliyenisuta, kwa adabu. "Shikamoo mzee. Umenunua kelele." Akanieleza kwamba kichwa kinachosoma utepe hutoa umeme mdogo mno, usiofika milivolti 1, ilhali amplifaya hutaka mamia ya milivolti. Katikati pana kikuza sauti cha kwanza, mafundi hukiita priampu, ambacho huuongeza umeme huo mara mamia kwa mamia. Uchafu ukiingia hapo hukuzwa pamoja na sauti, na kila chombo kinachofuata huuongezea nguvu.

Akasafisha kichwa kwa spiriti. Akabadilisha kapasita mbili zilizokauka, akang'oa transista kuukuu na kuweka aisii yenye kelele kidogo. Halafu akauhamisha waya mwembamba uliopita ubavuni mwa transfoma, kwa kuwa ule mvumo ulikuwa umeme wa nyumbani wenyewe, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Malipo yake hayakufika sehemu ya kumi ya bei ya spika zangu, ambazo, nakiri, mke wangu sasa anawekea maua juu yake. Tunasikiliza kwa spika ndogo za redio.

Jioni ile nilimwita dada. Mama alikohoa kwanza. Miaka yote hatukujua kwamba alikohoa. Kisha akamwita dada kwa jina la utotoni, pole pole, na nyuma yake mtu alikuwa anaosha vyombo.

Dada akasema yule ni shangazi.