Aliyenyonya Ziwa Moja



Katika mwezi huu wa Novemba Mama Kanisa anatualika kuwakumbuka marehemu wetu wote. Wengi wao ni baba zetu na mama zetu, na hatuhitaji kuhimizwa. Leo lakini napenda tumwombee mzee mmoja wa Ilagala ambaye, siku ya maziko yake mwaka 2003, watu walibishana zaidi ya saa nzima kama alikuwa na ndugu au hakuwa naye. Jina lake nalihifadhi, maana waliobishana bado wapo, nao wamekwisha kupatana. Nitamwita Babu, kama tulivyomwita sote.

Kwa wasiopafahamu, Ilagala ni kijiji kikubwa kusini ya Ujiji, karibu na mahali ambapo mto Malagarasi unaingia katika Ziwa Tanganyika. Wenyeji huvua dagaa na migebuka, hulima mihogo, hukamua mawese. Wapo Watongwe, Waha, Wamanyema na Wabembe, na wengi wana ndugu ng'ambo, upande wa Kongo. Waislamu na Wakristo hukaa ukuta kwa ukuta, wakaazimana chumvi na moto.

Babu alikuwa mtoto mchanga Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha. Wazazi wake, wapita njia wasiojulikana ukoo, walichukuliwa na ile homa ya mafua ya mwaka 1918 na 1919 iliyoua mamilioni ya watu duniani na kufika hata huku kwetu. Mama mmoja wa Kiislamu, aliyekuwa akinyonyesha binti yake, alimwokota mtoto yule akampakata upande wa pili. Hakumuuliza mtu. Akamlea, akamfundisha kukamua mawese, na alipokua akamkatia sehemu ya shamba lake la michikichi. Baadaye Babu alipoomba ubatizo, akiwa mtu mzima, mama yule hakumzuia. Alisema tu kwamba chakula cha jioni kitakuwa palepale.

Vita ya pili ilipokuja, Babu aliingia Keya, jeshi la Mfalme katika Afrika Mashariki. Alikuwa katika Divisheni ya 11, iliyopelekwa Burma, nchi ambayo siku hizi inaitwa Myanmar. Mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, katika tope na malaria, na mwezi Desemba wakavuka mto Chindwin huko Kalewa. Juu ya mapigano hakupenda kusimulia. Ukimsihi sana alikuwa akisema kwamba Chindwin ni kama Malagarasi wakati wa masika, ila huku kuna viboko na kule kulikuwa na Wajapani, na kwamba yeye binafsi alichagua viboko. Alirudi bila cheo, akiwa na kovu begani na kinanda cha mdomo alichokinunua kwa mshahara wake.

Kinanda kile ndicho kilichomfanya ajulikane. Ndugu zangu, nimekutana na watu wengi wapendao muziki, lakini huyu alikuwa na njaa yake. Alizijua nyimbo za kuendea mwendo za askari. Alizijua nyimbo za Kilatini za Misa ya zamani, na alipozisikia za Kiswahili alizishika upesi. Ile Misa Baba Yetu, aliyoitunga Padre Stephen Mbunga mwaka 1959, aliimba sauti zote, akihama kutoka moja kwenda nyingine kadiri alivyoona waimbaji wamepungua. Jioni aliweka redio yake mlangoni akatafuta rumba kutoka ng'ambo. Dada yake, yule binti aliyenyonya pamoja naye, alikuwa mwanamke mcha Mungu asiyekosa swala. Alikuwa akimgombeza kwa ajili ya zile rumba, kisha anavuta mkeka wake karibu kidogo, akidai kwamba ni kwa sababu ya upepo.

Sasa niseme neno langu mwenyewe. Nilikuwa padre mchanga, mwaka wa pili tangu nipewe daraja, nilipoanza kwenda Ilagala kuadhimisha Misa. Babu alikuwa amepita miaka 80. Sauti yake ilikuwa imepasuka, naye hakujua, au alijua na hakujali. Baada ya Komunyo, watu wakiwa wamepiga magoti kimya, alitoa kinanda chake mfukoni akaanza kupiga. Mara ya kwanza nilivumilia. Mara ya pili nilimwita nyuma ya kanisa nikamweleza kwamba liturujia ina taratibu zake. Seminarini nilikuwa nimesoma Konstitusyo ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, ambamo Mababa wa Mtaguso wanaagiza muziki wa watu wa nchi za misioni upewe heshima unayostahili. Katika mtihani nilikuwa nimeijibu vizuri. Babu alinisikiliza akiwa amesimama wima, mikono ubavuni. Akasema, "Ndiyo, Afande Padre."

Tangu siku ile hakuimba tena ndani ya kanisa. Kwaya ilipoanza, alikuwa akitoka polepole na fimbo yake, akakaa chini ya mwembe mpaka wimbo uishe, kisha anarudi mahali pake. Nilimwona. Kila mara nilijiambia kwamba Dominika ijayo nitamwita tuongee. Zilipita Dominika nyingi.

Alifariki wakati wa masika. Nilivuka mto kwa kivuko, nikakuta jeneza limewekwa juu ya viti viwili, kaburi limechimbwa, na watu wamenyamaza vibaya. Wajukuu wawili wa yule mama mlezi, wana wa kaka, walikuwa wakisema kwamba marehemu hakuwa wa ukoo. Hakuacha mtoto, kwa hiyo lile shamba la michikichi lilikuwa la kwao, na kabla ya kumfukia walitaka jambo hilo likubaliwe mbele ya watu. Mmoja aliniambia kwa adabu, "Baba Padre, sisi hatumchukii. Tunasema ukweli tu. Aliokotwa."

Nikakosa la kujibu. Ndipo dada yake alipoinuka mkekani. Alikuwa na miaka kama ile ya Babu, na ilichukua muda mpaka asimame. Akasema, "Mama yangu alikuwa na maziwa mawili. Huku mimi, huku yeye. Kama lile lake halikumfanya mtoto wa nyumba ile, basi na langu halikunifanya mimi, na baba zenu halikuwafanya wao. Tutoke wote." Akasogea kaburini, akainama, akashika udongo, akangoja. Hakuna aliyethubutu kumtangulia wala kumzuia.

Wapendwa wasikilizaji, nimehubiri mara nyingi juu ya sura ya 8 ya Waraka kwa Warumi, pale Mtakatifu Paulo anapotufundisha kwamba tumepokea Roho wa kufanywa wana. Katika sheria ya Warumi, mtoto aliyepangwa katika nyumba alipata jina la nyumba ile na urithi wake. Hakuwa mgeni wa kudumu. Paulo alilijua hilo, naye anaendelea mara moja kusema juu ya warithi. Mimi na wewe hatukuzaliwa katika nyumba ya Mungu. Tuliokotwa. Tukisema kwamba aliyeokotwa si mrithi, tunalichoma moto shamba letu wenyewe. Na Bwana wetu alipokuwa akifa, kati ya mambo machache aliyoyashughulikia juu ya msalaba, moja lilikuwa kumpa mama yake mwana asiyemzaa, na kumpa mwanafunzi wake mama asiyemzaa. Yohane anasimulia kwamba mwanafunzi yule alimpeleka kwake bila kukawia. Hakuuliza ukoo.

Wala jambo hili si geni katika ufuko wetu. Kusini, huko Karema, kuna kaburi la Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali, akaibwa angali mtoto na kuvushwa jangwa la Sahara kama mtumwa. Wamisionari wa Afrika walimkomboa, wakamlea, na Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea uganga. Alifika Karema mwaka 1889. Hapo alioa, hapo alifundisha dini na kutibu wagonjwa mpaka alipofariki mwaka 1956: miaka 67. Mwanawe alipata upadre, na huko Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake. Hesabuni basi ni watoto wangapi wa ziwa hili wasingezaliwa, kama wazee wa wagonjwa wale wangemwambia kwanza ataje ukoo wake.

Babu tulimzika siku ileile. Nilipomaliza sala nilimwomba kiongozi wa kwaya aimbishe, na watu wakaimba mpaka mvua ikaanza. Suala la shamba lilichukua miezi mingine mingi na vikao vingi, sitawachosha nalo. Sehemu kubwa ilibaki kwa yule bibi mpaka naye alipokufa.

Kinanda cha mdomo alikitunza yeye, kimefungwa katika kipande cha kanga. Nilimwendea siku ya arobaini nikamweleza habari ya mwembe, maana nilihitaji kumwambia mtu wa nyumba ile. Akaniambia kwamba alikuwa anajua. Babu alimsimulia kila Jumapili jioni, akacheka, akasema kwamba padre yule bado kijana, atazoea. Kisha akamwita kitukuu chake, mvulana wa miaka kama tisa, akampa kinanda kile mbele yangu. Nilipokuwa nikingojea kivuko jioni, mtoto yule alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anakipuliza. Alikuwa akipiga vibaya sana. Wavuvi walimpigia kelele aache, naye hakuacha, nami sikumwambia neno.

Tumwombee Babu, na mama aliyempakata, na dada yake. Nawatakia Dominika njema.